Upungufu wa ghala tusibebeshwe wachukuzi



Nina dukuduku juu ya wakubwa wa maghala.

Mimi ni mchukuzi katika ghala moja la nafaka hapa Dar es Salaam. Kila hesabu ya mwisho wa mwezi inapoonyesha upungufu, tunaokatwa mshahara ni sisi wachukuzi. Ufunguo anao meneja, leja anaandika karani, mizani anasoma msimamizi. Sisi tuna migongo tu. Mahindi yakiingia na unyevu hupungua uzito yakikauka, na magunia yaliyotobolewa na panya huvuja, lakini hayo hayaulizwi. Anayethubutu kuuliza huitwa mchochezi, na kesho yake hutupwa zamu ya usiku, huku jamaa wa meneja wakipewa kazi ya kuhesabu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, iko wazi. Mfanyakazi hakatwi kufidia hasara ila kosa liwe lake, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, na apewe nafasi ya kujitetea. Hata hapo, makato yasizidi robo ya mshahara wake.

Nawaomba Maofisa wa Kazi waje maghalani wakague makato hayo, wasiishie kunywa soda ofisini kwa meneja. Nasi wachukuzi tujiunge na chama cha wafanyakazi na kuchagua wawakilishi wetu, maana mmoja mmoja tutaendelea kuonewa.

Mchukuzi,
Dar es Salaam.