Maswali ya Uchovu Yapimwe Kwanza

Mtu aliyepata kiharusi huweza kupata nafuu ya mkono na mguu, lakini bado akachoka sana. Analala usiku kucha, anaamka amechoka. Jamaa zake humwita mvivu. Huo si uvivu. Ni uchovu uletwao na ugonjwa wa ubongo.

Uchovu huo haupimwi kwa kipimajoto. Hupimwa kwa kuuliza. Mwaka 1989 wataalamu wa Marekani walitoa orodha ya sentensi 9 kuhusu uchovu. Mgonjwa hutoa namba kwa kila sentensi. Namba 1 ni kukataa kabisa, namba 7 ni kukubali kabisa.

Orodha hiyo iliandikwa kwa Kiingereza. Mimi naona kuitafsiri tu hakutoshi. Sentensi moja husema kuwa mazoezi huleta uchovu. Mkulima atajibu nini? Yeye hafanyi mazoezi, analima. Tena mtu akisema "nimechoka", pengine amechoshwa na maneno ya jirani.

Kwa hiyo tafsiri ipimwe. Mtu mwingine airudishe kwenye Kiingereza, kisha ilinganishwe na ile ya kwanza. Wagonjwa waulizwe wameelewa nini. Waulizwe tena baada ya siku chache. Kama hali yao haijabadilika, majibu yasipishane sana.

Mizani mbovu humpunja mkulima. Maswali mabovu humpunja mgonjwa. Nawe ukiulizwa, usiitikie tu kwa kumheshimu mganga. Sema, "Swali hili sijalielewa." Hapo utasaidia lisahihishwe.