Dawa za Tumbo: Jina na Kipimo

Katika Wilaya za Mbulu na Hanang, wazee wa Kiiraqw na wa Kidatoga hutuliza tumbo kwa mizizi, magome na majani. Ujuzi huo haufai kubezwa, wala kupokewa bila kupimwa. Utomvu mchungu wa mshubiri, kwa mfano, huendesha tumbo: huweza kumfaa aliyefunga choo, bali humdhuru mtoto anayehara. Huyo anahitaji kwanza maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu kijiko, kisha zahanati.

Muhimbili ilianza kuchunguza dawa za asili mwaka 1974. Shule nazo zina wajibu. Wanafunzi na wakaushe tawi, waandike jina lake kwa kila lugha, sehemu itumikayo na kiasi anywacho mgonjwa. Pasipo hayo, maabara haina pa kuanzia.