Sanamu Si Historia

Ubishi juu ya sanamu za watawala wa zamani haukomi, kwa sababu wabishi hawakupatana kwanza sanamu ni kitu gani. Wasiotaka ziondolewe katika njia na viwanja vya miji husema kuwa sanamu ni historia, na kwamba kuing'oa ni sawa na kuchana ukurasa wa kitabu. Wanaotaka ziondolewe mara nyingi hujibu kwa hasira, nayo hasira haikanushi hoja. Sanamu iliyoinuliwa juu ya kitako cha mawe mahali pa watu wote si habari ya jambo lililotendeka, bali ni sifa ya mtu aliyelitenda. Historia huuliza, sanamu husifu. Historia haina budi kumtaja aliyeshinda na aliyeshindwa. Sanamu humwinua mmoja na kumnyamazisha wa pili.

Hapana mfano ulio wazi katika Afrika Mashariki kuliko sanamu ya Hermann von Wissmann. Mwaka 1889 mtu huyu alitumwa na serikali ya Ujerumani kuvunja upinzani wa watu wa Mrima, walioongozwa na Abushiri bin Salim huko Pangani na Bwana Heri huko Sadani. Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2 kwa kazi hiyo. Desemba ya mwaka ule Abushiri akanyongwa Pangani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1909, sanamu ya Wissmann ikasimamishwa Dar es Salaam. Yeye alikuwa juu, wima. Chini yake askari Mwafrika aliyeinua uso kumtazama, akitandaza bendera ya Ujerumani juu ya simba aliyeuawa. Maana yake haikuhitaji mkalimani. Kila mpita njia wa mji ule aliambiwa mahali pake ni wapi.

Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 sanamu ile ikang'olewa na kupelekwa Uingereza kama ngawira. Baadaye ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa Hamburg, mbele ya chuo kikuu. Huko ikakaa miaka mingi. Mwaka 1967 wanafunzi wakaiangusha, wakubwa wakairudisha. Mwaka 1968 wakaiangusha tena, ikatiwa ghalani.

Sasa na waulizwe wanaosema kuwa sanamu ndiyo hifadhi ya historia: ni mji gani uliosahau vita vya Mrima? Dar es Salaam, uliokaa bila ya sanamu ile zaidi ya miaka 100, haukuvisahau. Pwani ilikuwa na utenzi wa Hemedi bin Abdallah juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima. Ilikuwa na midomo ya wazee, na kaburi halihitaji shaba ili likumbukwe. Waliosahau ni wale waliopita chini ya sanamu kila siku wakaenda zao darasani. Historia ilianza kuulizwa kwa sauti kubwa siku ile shaba ilipoanguka. Ikiwa sanamu hufundisha, basi hii ilifundisha zaidi kwa kuanguka kuliko kwa kusimama.

Hoja ya pili ni kuwa watu wa kale wasipimwe kwa mizani ya leo. Neno hili lina sura ya haki, lakini husahau kuwa mizani hiyo ilikuwako siku ile ile. Katika bunge la Ujerumani lenyewe, mwaka 1889, August Bebel alisimama akaipinga safari ile ya vita. Na watu wa Pangani walikwisha kutoa hukumu yao kwa silaha na kwa roho zao. Anayesema kuwa zamani zile watu wote waliliona jambo lile kuwa jema, hakuwahesabu wale katika watu wote. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Husemwa tena kuwa vita vile vilikuwa vya kukomesha biashara ya watumwa, na kwamba Abushiri mwenyewe alikuwa mwenye shamba na watumwa. La pili ni kweli, wala halifai kufichwa. Ndiyo sababu haitakiwi Abushiri naye ageuzwe kuwa malaika wa shaba. Lakini la kwanza ni nusu ya kweli, na nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo mzima. Utawala wa Kijerumani uliondoka Tanganyika bila ya kuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta ilitoka mwaka 1922, chini ya Waingereza. Bendera iliyotandazwa juu ya simba haikuwa hati ya uhuru wa mtumwa.

Hata hivyo kung'oa peke yake si haki. Waingereza hawakumwondoa Wissmann kwa kumhurumia mwana wa Pangani. Walimwondoa kwa kuwa alikuwa wa adui yao. Mwaka 1927 wakaweka katika mji ule ule sanamu ya askari wa shaba, yenye maandishi ya Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, kwa ukumbusho wa askari na wapagazi wa Vita Kuu. Aliyekuwa chini ya miguu ya bwana akapandishwa juu, lakini hakupewa jina. Alisifiwa kwa utumishi wake, hakuulizwa kama aliutaka. Sanamu hiyo ingali ipo, wala hapana lazima iondolewe, maana haimsifu mtekaji wa nchi. Lakini ukimya wake wataka kujazwa. Wapagazi wale wamepata ukumbusho ulio bora katika neno moja tu, Kariakoo, ambalo mji ulilichukua katika jina la Kiingereza la kikosi chao. Neno hilo hutamkwa kila siku na wauzaji, wanunuzi na makondakta, na halijadai mtu yeyote aliinamie.

Basi kipimo kiwe hiki: sanamu inamsifu nani, kwa tendo gani, na mbele ya macho ya nani? Inayomsifu mtu kwa sababu aliwashinda wenye mji haina haki ya kukaa katika njia yao. Na iondolewe kwa amri ya wenye mji, mchana, kwa sababu zilizoandikwa. Isiyeyushwe. Na itiwe ndani ya nyumba ya makumbusho, chini, usawa wa macho ya mtoto wa shule, pamoja na jina la aliyenyongwa, mahali aliponyongwa na mwaka. Hapo ndipo shaba itakapokuwa historia, kwa kuwa hapo kwa mara ya kwanza itaweza kuulizwa.

Wahenga walisema adui aangukapo mnyanyue. Waliagiza huruma kwa mtu, wala hawakuagiza kuinyanyua sifa ya udhalimu wake.