Mbwa akiugua, wasiwasi wako usiufiche

Mbwa akisusa chakula, akajikunja pembeni na asitikise hata mkia mwenyewe anapoingia, nyumba nzima huingiwa na simanzi. Hata hivyo, wengi huona haya kuonyesha kwamba wamepata hofu, maana jirani atawaambia, "Si mbwa tu huyo?" Haya hiyo ndiyo inayotuponza. Anayeificha hofu yake huishia ama kungoja hadi hali iwe mbaya, ama kubahatisha dawa kimyakimya. Anayeikubali hutazama kwa makini na kutafuta daktari wa mifugo mapema.

Kubahatisha kuna hatari zake. Joto la kawaida la mbwa mzima ni takriban nyuzi 38.3 hadi 39.2, kwa hiyo ukimgusa utadhani ana homa hata akiwa hana neno. Ukimpa panadoli unaweza kumharibu ini na damu. Ibuprofeni humchoma tumbo na kuua figo. Kungoja nako si salama, kwa kuwa homa ya kupe hummaliza damu polepole, na ugonjwa wa parvo humkausha maji mtoto wa mbwa kwa siku chache tu za kutapika na kuhara. Dakika tano za kutazama zina faida kuliko siku mbili za kuhangaika. Inua mdomo wake wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole, uachie: weupe ule urudi kuwa wa waridi ndani ya sekunde 2. Hesabu pumzi zake akiwa amelala. Zikizidi 30 kwa dakika, au ufizi ukiwa umepauka, usingoje kesho. Lakini akidondokwa na mate, sauti ikambadilika na akashindwa kumeza, usitie mkono kinywani ukidhani kakwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mwache mahali palipofungwa, kisha ita wataalamu.

Wapo watakaouliza: watu wenyewe hawana dawa, itakuwaje tuhangaikie mbwa? Swali ni la haki, ila linatenganisha mambo yasiyotengana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na takriban wanne katika kila kumi ni watoto wasiotimiza miaka 15. Karibu wote huambukizwa na mbwa, na dalili zikishajitokeza hakuna tiba. Wakati huohuo, asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Sindano moja ya mbwa ni rahisi kuliko mfululizo wa sindano anazochomwa mtoto aliyeumwa. Basi anayemjali mbwa wake anawalinda hata watoto wa jirani.

Wengine watasema mbwa ni najisi. Kuchunga tohara ni jambo moja na kumhurumia kiumbe ni jingine. Waislamu wanaifahamu hadithi ya mtu aliyesamehewa dhambi kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Hoja ya umbali na gharama ndiyo nzito zaidi, kwani si kila mji una kliniki ya wanyama. Ndiyo maana kuwahi kuna maana: namba ya afisa mifugo iwe kwenye simu kabla ya shida, kadi ya chanjo ijulikane ilipo, na masikio yakaguliwe kupe kila wiki. Pengine, pamoja na yote hayo, daktari atasema mbwa haponi. Hata hapo aliyewahi atakuwa amempunguzia mnyama wake maumivu, na hatabaki akijiuliza ingekuwaje kama angeliondoka nyumbani siku ile ya kwanza chakula kilipobaki sahanini.