Tuwafundishe Watoto Majina ya Ndege Kabla Hawajashika Manati



Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wazazi, mvua za masika zimeanza kwetu, kutoka Busia, pande zote mbili za mpaka, mpaka Tororo. Miti ya nyumbani imejaa kelele za kwera, wale ndege wa manjano wanaosuka viota. Kwa watoto wetu wengi huu ni msimu wa manati. Jumamosi iliyopita wanafunzi wawili walikuja madrasa na manati, na ndani ya mfuko wa juzuu wa mmoja wao tukakuta kwera wawili waliokufa. Tulipouliza ni ndege gani, tukajibiwa, "Ni ndege tu, maalim." Jibu hilo ndilo lililotufanya tuandike.

Watoto hawa wanawajua wachezaji wa Arsenal kwa majina na namba za jezi. Ndege anayelala juu ya mti wao hawamjui. Maoni yetu ni kwamba ni rahisi kumpiga jiwe usiyemjua.

Kwanza tutazame sheria. Katika Surat al-Maidah, aya ya 3, Allah (s.w.) ameharamisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa. Ndege akifa kwa jiwe la manati kabla ya kuchinjwa, nyama yake si halali. Tena Bukhari na Muslim wamepokea kwa Abdullah bin Mughaffal (r.a.) kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kurusha vijiwe, kwa sababu haviui windo wala havimuumizi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Mzazi ambaye mwanawe amewahi kupigwa jiwe la manati hahitaji kuelezwa zaidi.

Pili, tutazame mwendo wa Mtume wetu (s.a.w.). Anas (r.a.) alikuwa na mdogo wake, Abu Umayr, aliyekuwa akicheza na kindege. Kindege kilipokufa mtoto akahuzunika, na Mtume (s.a.w.) akamuuliza habari za kindege chake. Kiongozi wa umma mzima alipata nafasi ya kumuuliza mtoto juu ya ndege. Je, sisi tumewauliza wetu lini?

Wapo watakaosema kuangalia ndege ni mambo ya wazungu na watalii. Hapana. Nabii Adam (a.s.) alifundishwa majina ya vitu vyote, na katika Surat al-An'am, aya ya 38, Allah ametujulisha kuwa ndege ni umma kama sisi. Wengine watasema ndege wanakula mtama. Ni kweli, na mkulima ana haki ya kulinda shamba lake kwa kuwafukuza. Lakini kwera aliye uani anayejenga kiota hajaingia shambani kwa mtu.

Basi tunashauri hivi. Baada ya swala ya alfajiri, mzazi akae na watoto uani kwa dakika kumi tu. Mtoto awe na daftari. Amtazame kwera: dume ana kichwa cheusi, jike hana. Dume ndiye anayesuka kiota kwa vipande vya majani, na mlango wake huuweka chini. Jike huja kukagua, na akikikataa, dume hukifumua na kuanza upya. Amtazame chozi, mwenye mdomo uliopinda, akinyonya maua. Awatazame mbayuwayu wanaojipanga kwenye nyaya za umeme. Wengi wao ni wageni, na kati ya Machi na Aprili hurudi Ulaya kuzaa. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, na anavuka jangwa la Sahara. Nani anamshika angani? Surat al-Mulk, aya ya 19, ina jibu.

Jina likikosekana, aulizwe bibi. Wazee wetu wanayo majina ya ndege kwa Kisamia, Kiteso na Kijopadhola, na wakiondoka nayo hatutayapata tena. Na ndege wenyewe pia wanaondoka. Korongo taji, aliye kwenye bendera ya Uganda, tangu 2012 yumo katika orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka.

Wale wanafunzi wawili hatukuwachapa. Tulichukua manati, tukawapa daftari moja la kushirikiana. Wiki hii wamekuja na majina manne, na mmoja ameuliza kama ni dhambi wale kwera wa Jumamosi. Tumemwambia aombe maghfira na awalinde waliobaki.

Tunamuomba Allah atujaalie watoto wenye huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.