Refa wa upande mmoja anapanda vita kiwanjani

MUHETO – Mechi za mtoano zikikaribia, wapenzi wa mpira wa Masisi na Walikale huanza kuongea habari ya refa mbele ya kuongea habari ya wachezaji. Nani atapuliza filimbi? Anatoka mtaa gani? Ni ndugu ya nani? Wenye kupanga mashindano wanaita maswali hayo uchochezi. Si uchochezi. Ni haki ya mwenye kucheza kujua nani atamhukumu.

Lakini wapenzi nao waambiwe ukweli. Tarehe 7 Februari 2024, wakati familia nyingi za Masisi zilikuwa zinakimbia vita, Leopards walicheza nusu fainali ya CAN na Côte d'Ivoire kule Abidjan. Mbele ya mechi, wachezaji walifunika mdomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kichwani kama bunduki, ili dunia ione mateso ya mashariki. Mapema Cédric Bakambu aliingiza mpira wavuni, refa akakataa goli kwa kuwa golikipa alikuwa ameshika mpira. Baadaye Sébastien Haller akafunga, mechi ikaisha 1-0. Hata leo kuna wanaosema: "Tuliibiwa." Hapana. Sheria inakataza kumpiga golikipa teke mpira ukiwa mikononi mwake. Uchungu wa vita ni mkubwa, lakini haugeuzi kosa kuwa goli.

Huku kwetu shida ni nyingine. Hakuna VAR. Mara nyingi hakuna hata marefa wa pembeni, mtu mmoja anakimbia peke yake na kuona offside akiwa mbali. Mbaya zaidi ni pale komite ya mashindano inapompa filimbi mtu wa timu ya wenyeji, halafu inawaambia wageni: "Uamuzi wa refa ni wa mwisho." Ni kweli, kanuni ya 5 ya mpira inasema hivyo. Lakini neno la mwisho hupewa mtu asiye na upande. Huwezi kumpa fisi ulinzi wa mbuzi, kisha ukawakataza mbuzi kulia.

Na refa mwizi anaweza kuadhibiwa. Novemba 2016, Afrika Kusini ilipewa penalti mbele ya Senegal, eti Kalidou Koulibaly ameshika mpira, kumbe ulimgonga mguuni. Senegal ilipoteza 2-1. Mwaka 2017 FIFA ilimfungia refa huyo, Joseph Lamptey wa Ghana, maisha yote, na kuamuru mechi irudiwe. Senegal ikashinda 2-0 na kwenda Kombe la Dunia. Hakuna refa aliyepigwa mawe ili haki hiyo ipatikane.

Tazama sasa upande wa pili. Mwaka 2019, fainali ya vilabu vya Afrika kule Tunisia, goli la Wydad lilikataliwa na VAR ilikuwa haifanyi kazi. Wydad walikuwa na sababu ya kulalamika. Lakini walikataa kuendelea kucheza, na kombe likabaki kwa Espérance.

Kwa hiyo komite zifanye mambo matatu mbele ya mtoano. Refa atoke mahali pasipo na timu katika mechi hiyo. Awe na wasaidizi wawili pembeni, hata kama bendera zao ni vitambaa. Na timu yenye malalamiko iandike karatasi, ijibiwe mbele ya watu wote, si nyumbani kwa mkubwa fulani usiku. Hayo hayadai pesa nyingi. Yanadai aibu kidogo.

Wanaosema huu ni mchezo tu hawaangalii nani yuko kiwanjani. Kuna timu ya vijana wenyeji na timu ya vijana waliokimbia vijiji vyao. Kijana mkimbizi amekwisha kupoteza shamba, mbuzi na masomo. Akinyimwa na penalti ya wazi, anasikia kwamba hata kwenye mpira yeye ni mgeni. Hasira hiyo hairudi nyumbani pamoja na viatu. Inaenda kwenye kisima, kwenye soko, kwenye mstari wa chakula. Komite inayochagua refa kwa undugu isishangae siku mawe yatakaporuka.