Nani Kasema Gemu Lazima Ikuue?

Kuna hukumu moja inayorudiwa kila penye televisheni na pedi mbili: gemu ya hadithi si gemu. Wanaoitoa wanadhani wamemaliza maneno. Humo hakuna mshindi wala mshindwa, wanasema; hupigi mtu, hufi, unatembea tu na kusoma maandishi, basi si afadhali uangalie sinema? Hukumu hiyo ni potofu, na inawanyima vijana wengi raha ambayo hawajapata hata kuionja.

Tuangalie kwanza ilikotoka. Kwenye kibanda cha gemu mtu hulipia mechi au dakika. Anayefungwa anaachia pedi, anayesubiri anakaa. Biashara ya namna hiyo inataka mchezo unaokwisha upesi na kumtoa mtu kitini. Mpira unafaa, ngumi zinafaa. Hadithi inayohitaji usiku tatu haifai. Ndivyo ilivyokuwa Japani na Marekani enzi za mashine za sarafu. Katika Space Invaders ya mwaka 1978, kadiri mchezaji alivyokufa mapema ndivyo mwenye mashine alivyopata sarafu nyingine. Kwa hiyo sheria ya kwamba gemu lazima ikuue ina mkono wa mfanyabiashara ndani yake. Sisi tumeichukua tukaifanya kipimo cha sanaa nzima.

Wala gemu za hadithi si wageni waliodandia juzi. Katikati ya miaka ya 1970, Will Crowther, mwanaprogramu wa Marekani aliyependa kupenya mapangoni, aliandika Colossal Cave Adventure akifuata ramani ya pango la Mammoth lililoko Kentucky, akiwa na nia pia ya kuwafurahisha binti zake. Mwaka 1977 Don Woods aliipanua. Haikuwa na picha hata moja: mchezaji aliandika amri ya neno moja au mawili, kompyuta ikamweleza kilicho mbele yake. Hatari zilikuwamo, lakini kilichomvuta mtu ni kutaka kujua chumba kinachofuata kina nini. Mwaka 1993 ikaja Myst ya ndugu wawili, Rand na Robyn Miller. Hakuna adui wa kumpiga, hakuna saa inayokukimbiza. Iliuzwa nakala zaidi ya milioni sita. Watu wote hao walinunua nini, kama si mchezo?

Walinunua raha ya kung'amua. Mwaka 1990 Ron Gilbert na wenzake wa Lucasfilm Games walitoa The Secret of Monkey Island, wakiwa wameamua kwamba mchezaji asiuawe ovyo. Hata mapigano ya panga humo huamuliwa kwa ulimi: haramia anakutusi, nawe huna budi umrudishie jibu linalolingana na tusi lake. Majibu yenyewe unayaokota kwa kushindwa na maharamia wengine. Kushindwa kupo, ila hakukutoi mchezoni. Kunakuongezea maarifa ya raundi ijayo. Vitendawili vyetu hufanya vivyo hivyo. Asiyejua hutoa mji, huambiwa jibu, na mchezo ukaendelea. Hakuna bibi aliyewahi kusema kitendawili si mchezo eti kwa sababu hakuna aliyefukuzwa barazani.

Anayetaka ugumu na aende kwenye Return of the Obra Dinn, aliyoitoa Lucas Pope mwaka 2018. Wewe ni mkaguzi wa bima wa mwaka 1807. Meli iliyopotea imerudi Uingereza bila mtu hai ndani yake, na kazi yako ni kueleza yaliyowapata watu 60: huyu alikuwa nani, alikufaje, aliuawa na nani. Una daftari, orodha ya majina, na saa ya mfukoni inayokuonyesha tukio lililoganda la dakika ya kifo. Yaliyobaki ni akili yako. Unasikiliza lafudhi, unatazama mavazi, unalinganisha namba za machela na orodha ya mabaharia. Mchezo haukuthibitishii jibu mojamoja. Unasubiri mpaka upatie watu watatu, ili usibahatishe. Humo hufi kamwe. Nani atathubutu kusema mtu aliyekamilisha daftari lile hakushinda kitu?

Na hilo la sinema? Katika What Remains of Edith Finch, iliyotoka mwaka 2017, kuna kijana anayefanya kazi kiwandani, akikata vichwa vya samaki kutwa. Kidole gumba chako cha kulia kinasogeza samaki kwenye kisu. Cha kushoto kinamwongoza shujaa katika ufalme ambao kijana anauwaza. Ndoto inazidi kupanuka mpaka inajaza skrini, na mkono wa kulia bado unakata, hauhitaji tena kuangaliwa. Uchovu wa kazi ile, na utamu wa kuikimbia kimawazo, vimeingia mwilini mwako kupitia vidole vyako mwenyewe. Mwenye sinema angeweza kukuonyesha kijana yule; kukufanyisha kazi yake hawezi. Gemu hiyo ilipewa tuzo ya BAFTA ya gemu bora mwaka 2018.

Sikatai kwamba zipo mbovu. Gabriel Knight 3 ya mwaka 1999 inamtaka mchezaji atengeneze masharubu ya manyoya ya paka ili ajifanye mtu ambaye masharubu hana. Hilo si fumbo, ni uonevu. Zipo na nyingine zinazokubonyezesha kitufe kimoja huku zikijisifu kwamba umechagua. Tuzilaumu kwa uvivu wa waliozitunga. Mechi mbovu haijawahi kuufanya mpira usiwe mchezo.

Mchezo ni pale ambapo akili au mkono wako unatakiwa ndipo jambo litokee. Kwa kipimo hicho gemu za hadithi zimo ndani, tena mstari wa mbele. Nanyi mnaozidharau, nawaomba jambo moja la haki: chezeni moja iliyotungwa vizuri mpaka mwisho, kisha ndipo mhukumu.